Harufu Chini ya Kiti Changu

Mwezi uliopita tulimzika Mama Zaina, mke wa Tonton Ramazani. Siku ya tatu ya kilio nilikuwa nimekaa uani kwenye kiti cha plastiki, sahani ya wali magotini, Amisi akaja akakaa kando yangu. Sikumtambua mara moja. Ndevu zimekuwa nyeupe zote na mguu mmoja anauvuta. Alinisalimia kama watu walioachana jana, akauliza habari za watoto, akanipa pole, halafu akawatazama wanawake waliokuwa wakiosha sufuria. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa: "Mwamini, ile siku ulikataa juu ya nini? Siye tulikuwa tumeisha kurudi. Mambo yote ilikuwa imeisha kutengenezwa." Nikamwambia sijui. Akacheka kidogo, akadhani namficha. Wallahi simfichi. Nimezeeka, niliolewa na mwingine na nimemzika, nimelea watoto wanne, na bado mtu akiniuliza kwa nini nilimkataa mwanamume niliyempenda, siku ambayo kila kitu kilikuwa kimenyooka, najikuta sina la kusema. Nikamwahidi nitafikiri. Nimefikiri mwezi mzima, na huku kufikiri kunanizidishia tu kizunguzungu, basi naandika.

Habari za ukoo nitaziruka, maana kila anayeandika maisha yake huanza na babu na msomaji husinzia hapo hapo. Ijulikane tu kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, na nilikaa kwa Tonton Ramazani, ndugu wa mama yangu, hapa Kisangani. Tonton alikuwa mtu wa ofisi na mtu wa Chama, abakosti yake, lile koti lisilovaliwa tai, imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Wakati ule wageni wengi wenye maduka walikuwa wameondoka, mali zao zikapewa raia, na Tonton akapata nyumba ya mmoja wao: salon ya kupokea wageni yenye sakafu ya simenti nyekundu, viti sita vya mbao vyenye mito ya kijani, kabati la vioo ambalo hatukuwa na vyombo vya kulijaza. Na mbwa. Mbwa hakuwa kwenye karatasi yoyote. Alikuwa amelala barazani tulipofika na mizigo, mkubwa, rangi ya kahawia, masikio yameanguka, akatutazama kama sisi ndio tumepotea njia. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibanda chake kwa rangi: Baroni.

Mama Zaina, aliyekuwa akiswali swala tano, alitaka afukuzwe siku ile ile. "Malaika hawaingie mu nyumba iko na imbwa," alisema. Tonton akajibu malaika wana mlango wa nyuma. Yeye alikuwa ameona jinsi yule mfanyabiashara alivyopokea watu, amekaa salon na mbwa miguuni, na kichwani mwake mbwa yule alikuja pamoja na cheo. Bila mbwa ndani, viti vile sita vilikuwa viti tu. Kwa kuwa watu walikuwa wameamriwa kuacha majina ya kizungu, Tonton alisema hata mbwa lazima abadilishe, akamwita Nkoyi, ndiyo chui kwa Kilingala. Mama Zaina alishika kichwa kwa mikono miwili: "Papa Zaina! Chui ni nani mu inchi hii, kama si Prezida? Unataka baje batukamate juu ya imbwa?" Siku mbili tu, Baroni akarudia ubaroni wake. Lakini salon hakutoka. Amri ya Tonton ilikuwa kwamba wageni wakija, mbwa awe ndani, apigwe brashi kwanza.

Kazi ya kumlisha ilikuwa yangu, na ndiyo sababu alinipenda. Nilimpa mabaki: fufu iliyolainika, pondu, yaani kisamvu, mchuzi wa samaki, vitu laini tupu. Mifupa Mama Zaina alikataza, eti inachafua sakafu. Popote nilipokaa, Baroni alikuja akajiingiza chini ya kiti changu, kichwa mbele, makalio nyuma, akapumua kwa nguvu kama mzee aliyefika nyumbani. Msomaji, nisikuzungushe. Harufu nitakayoieleza ilikuwa ya mbwa. Leo najua, kila mtu anajua, hata wajukuu wangu wanaijua hadithi hii na huiomba wakitaka kucheka. Lakini kwa muda wa miezi saba hakuna mtu nyumbani mwetu aliyejua, na mimi mwenye mwili wangu nilikuwa wa mwisho kujua nani anashukiwa.

Amisi alikuwa mwalimu wa hesabu kule Bengamisa. Mtu mrefu, mpole, anayekula sana na kuomba msamaha kila akiongeza. Alikuja kuniposa mara ya kwanza na tantine yake, Mama Sifa, dada mkubwa wa baba yake aliyemlea, mwanamke mwenye sauti ya soko na macho yasiyopitwa na kitu. Walileta makemba, ndizi za kupika, mkungu mzima, na chupa za mawese. Tulikaa salon. Tonton alieleza habari za mbwa, Amisi akacheka mahali palipopasa, kisha akanigeukia akaniuliza, mbele ya watu wazima, ni kitabu gani nilikuwa nasoma. Hakuna aliyewahi kuniuliza jambo kama hilo. Nilikuwa nimeanza kujibu Mama Sifa alipoangusha kifuniko cha sufuria, kelele ikalia kwenye simenti, na ndipo ilipokuja. Harufu. Ndakala, wale samaki wadogo wakavu, waliosahauliwa ndani ya mfuko ulionyeshewa mvua, na juu yake kitu kama chuma chenye kutu, kali, inakaa puani haitoki. Tonton alikohoa. Amisi alishika kikombe cha chai akakiweka mdomoni bila kunywa. Mama Zaina akafungua dirisha akasema mto leo unanuka. Mto ulikuwa mbali, na upepo ulikuwa unatoka upande mwingine.

Mara ya pili walipokuja ikatokea tena. Na mara ya tatu. Siku za kawaida, tukiwa peke yetu, haikuwepo, au ilikuwepo kidogo, ikipita pita. Wageni wakiingia na kelele zao, na mizigo, na vigelegele vya Mama Sifa mlangoni, haipiti dakika tano. Tulimwona Baroni akijikokota sakafuni kwa makalio, miguu ya mbele inatembea, ya nyuma imenyooshwa hewani, na tulicheka. Tonton alisema anapiga deki, tumlipe mshahara. Mama Zaina alisema ni minyoo, akampa mbegu za papai. Akijiuma chini ya mkia, tulisema viroboto. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yetu! Lakini nani angemshuku Baroni? Alikuwa fahari ya Tonton, kapigwa brashi, anang'aa. Ukisema mbwa ananuka, ni kama umesema cheo cha Tonton kinanuka.

Siku walipokuja mara ya tatu hiyo nilikuwa jikoni nyuma natwanga pondu, na wao wawili, Mama Zaina na Mama Sifa, walikuwa barazani upande wa pili wa ukuta wa matete. Hawakuwa wakinong'ona kwa kunificha. Walinong'ona tu kama wanawake wanavyonong'ona juu ya ugonjwa.

"Dada, mutoto iko na nini?" alisema Mama Sifa. "Akikala, harufu inakuya. Akitoka, inatoka naye."

"Miye pia nimesikia," Mama Zaina akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Leo nimemupima. Nimemwambia akuje akae kando yangu, pale ku dirisha. Umeona? Dakika mbili! Ikamufuata."

Ni kweli alinihamisha. Nilidhani ananipenda, anataka nikae karibu naye. Nikahama, na Baroni naye akaondoka chini ya kiti kile akaja chini ya hiki, na hakuna aliyemhesabu mbwa. Mama Sifa akaendelea: "Na yeye mwenyewe hasikie kitu. Anacheka na batu. Nyani haoni kundule." Mchi ulisimama mkononi mwangu. Nikaanza kutwanga tena haraka, wasijue nimesikia, na nakumbuka nilijiambia kwamba wanamsema mtu mwingine, msichana mwingine wa nyumba nyingine. Nilibaki na wazo hilo hadi pondu ikawa laini kama maji.

Jioni ile nilivua sketi nikaiweka puani. Ilikuwa inanuka. Ewe Mungu wangu, ilikuwa inanuka ile harufu yenyewe, pindo lote la nyuma, maana Baroni aliegemea pale mchana kutwa, akijilamba huku akinilamba miguu. Mimi sikuwaza hivyo. Niliwaza: basi ni kweli. Sijui kama nitaweza kuwaeleza vijana hofu hiyo. Kidonda unakiona. Homa unaisikia. Hii nilikuwa naibeba na siijui, na wengine wote wameijua kabla yangu, na Amisi ameinywa pamoja na chai yake mara tatu bila kusema neno. Nilifua sketi mara mbili kwa sabuni ya mawese na majivu. Kesho yake ikanuka tena. Nikawa naoga asubuhi, mchana na jioni, nikaacha samaki, nikaacha kitunguu, nikaacha karibu kila kitu isipokuwa wali mkavu, na mabaki ya sahani yangu nikazidi kumpa Baroni, ambaye alinenepa na kunipenda zaidi.

Mama Zaina hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alikuja chumbani akafunga mlango, akaniuliza kama kuna mwanamume. Nikasema hapana. Akaniuliza kama kulikuwa na mimba nikaitoa. Nikasema hapana. Akaita mwanamke mmoja mtu wa Kasongo, mkunga, akanitazama, na sitaandika zaidi ya hapo. Yule mkunga alisema haoni kitu, lakini kusema hivyo hakukusaidia, maana harufu ilikuwepo na kila mwenye pua ni shahidi. Basi wakaamua uchafu uko ndani zaidi. Kwetu kila ugonjwa wa tumbo, wa mgongo, wa uvivu, wa mapenzi, dawa yake ya kwanza ni moja: poire, ile ya mpira mwekundu, inayojazwa maji ya moto, tangawizi na pilipili, na inaingizwa kule nyuma, na unalia. Watoto wa Kisangani wote wanaijua. Lakini mtoto hupigwa poire mara moja kwa mwezi. Mimi nilipigwa kila Jumatatu na kila Alhamisi, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye diploma, nimelala kifudifudi kwenye mkeka. Kisha nakalishwa juu ya ndoo ya majani ya mpera na mchaichai, tunaouita sinda, nimefunikwa blanketi, natoka jasho. Na Mama Zaina, aliyenifanyia hayo, alikuwa analia kuliko mimi. Alinishika mkono, alinipangusa uso, aliniombea dua. "Vumilia, mwanangu, inaisha." Hapo ndipo akili yangu ilipovurugika kabisa. Angekuwa mbaya ningemchukia na nikajua nasimama wapi. Alikuwa ananipenda na ananichoma pilipili, yote kwa mkono mmoja.

Halafu Mama Sifa akatuma neno: tungojee kwanza. Hawakuvunja, walisema tu tungojee. Mtaani watu wakasikia, maana maneno kama hayo hayahitaji mguu. Wasichana niliosoma nao wakawa wanasimama mbali kidogo wakinisalimia, au mimi niliona hivyo. Nilihesabu hatua kati yangu na kila mtu. Amisi aliniandikia barua moja, fupi, ananiuliza tena juu ya kile kitabu. Niliisoma mara nyingi sana nikitafuta humo kama ananionea huruma. Sikupata. Sikujua nijibu nini, nikaogopa hata karatasi itabeba harufu, nikaacha.

Mwezi wa saba wa harufu hiyo Baroni akakataa kukaa. Alisimama tu, mkia umebana, akilia kwa sauti nyembamba, na upande mmoja nyuma pakavimba, pekundu kama nyanya. Kesho yake pakatoboka, damu na usaha vikatoka. Tonton hakwenda kazini siku ile. Nasema hili bila kulipunguza: kwa miezi yote ile hakuna daktari aliyeitwa kunitazama mimi, lakini mbwa alipougua asubuhi, kufika saa nane mchana Papa Lifenya alikuwa uani kwetu. Huyu alikuwa mzee Mlokele, mtu wa Yanonge, infirmier, muuguzi wa mifugo, aliyezunguka mji kwa baiskeli akichanja mbwa wasipate kichaa. Alivua kofia, akaomba maji ya moto, chumvi na kitambaa, akauliza: "Nani anajua imbwa hii?" Wote wakanitazama. Nikapiga magoti nikashika kichwa cha Baroni, nikamwambia pole, pole, baba.

Papa Lifenya akainua mkia, akafunga kitambaa kwenye vidole, akaminya taratibu upande ule ambao haujatoboka. Na ikatoka. Maji ya kahawia, kijiko kimoja tu, lakini harufu ilisimama uani kote kama mtu aliyeingia bila hodi. Ile ile. Ndakala na kutu. Jirani aliyekuwa anachungulia juu ya ukuta akateremka. Papa Lifenya alitazama nyuso zetu akashangaa, akadhani tunaona kinyaa, akaanza kutueleza kwa upole kama mwalimu: "Kila imbwa iko na vifuko mbili hapa nyuma, moja kushoto, moja kuume. Paka pia. Ni harufu yake ya kujitambulisha. Akienda choo ngumu, vinaminywa, vinatoka kidogo kidogo, hautasikia ata kitu. Lakini muko munamulisha fufu na supu, choo inakuwa maji, vifuko vinajaa, vinaziba. Anajikokota, anajiuma. Na akiogopa, bon, bageni bakikuya na makelele, anaachilia yote mara moja."

"Bageni bakikuya," akarudia Mama Zaina. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, mikono kichwani, kanga imeanguka begani.

Tonton ndiye aliyeanza kucheka. "Alors, ni Baroni! Ni Baroni!" Alicheka hadi machozi, akapiga paja, na mimi, sijui kwa nini, nikacheka naye, nikacheka huku nimeshika kichwa cha mbwa kifuani, halafu nikaenda nyuma ya jiko nikatapika. Hakuna aliyeniomba msamaha. Nadhani hawakujua waombe msamaha wa nini, maana hakuna aliyetaka kunidhuru. Papa Lifenya alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akapiga sindano ya penisilini, akaagiza mifupa mikubwa na maboga, akaondoka. Katika wiki mbili Baroni alikuwa anakaa vizuri. Mimi sikuweza kukaa kwenye viti vile. Nilikula nimesimama, jikoni. Nilijua haikuwa mimi, nilikuwa nimeona kwa macho, na bado kila asubuhi nilinusa mikono yangu.

Mama Zaina mwenyewe alipanda lori hadi Bengamisa kueleza. Hakunieleza alisemaje, ila alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi na kusema: "Banakuya juma ijayo." Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi hata nikaimba. Nilishona gauni, nilisuka nywele, nilipanga jinsi nitakavyomweleza Amisi mwisho wa kile kitabu.

Walifika Jumapili. Baroni alifungwa uani chini ya mpera kwa amri ya Tonton mwenyewe. Mezani palikuwa na wali, kuku wa mawese, pondu, makemba ya kukaanga, samaki mkubwa niliyempika mimi. Amisi alikuwa amenyoa, shati jeupe, na aliponiona alifanya kama mtu anayetaka kusimama na kukaa kwa wakati mmoja. Tonton akasema bismillahi. Mama Sifa akainua mkono.

"Pole kwanza," akasema. "Maneno tumesikia. Lakini miye ndiye nililea huyu kijana. Mbele ya kula, nitulie roho."

Akaja nyuma ya kiti changu. Akaondoa kitambaa changu cha kichwa, taratibu, bila ubaya, akaweka pua shingoni mwangu. Akavuta pumzi. Akainua mkono wangu, akanusa kwapani. Akainama, akanusa mgongo, chini, hadi kwenye kiti. Nilisikia pumzi zake zikiingia na kutoka. Kisha akanyoosha mgongo, uso umejaa furaha, akawageukia watu: "Hana kitu! Safi! Mutoto iko safi!" Akapiga vigelegele. Tonton akapiga makofi. Nami nikamtazama Amisi, na Amisi alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameshusha mabega, amefurahi kabisa, kama mtu aliyengojea matokeo ya mtihani akaambiwa amefaulu.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?" Tonton akauliza, bado anacheka.

"Siolewi."

Sauti zilikuwa nyingi baada ya hapo. Mama Sifa aliuliza kama nina wazimu. Tonton alisema mtoto anaona haya, wapuuzeni, watoto wa siku hizi. Amisi peke yake hakupaza sauti, aliuliza tu, "Juu ya nini, Mwamini?" Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli, kwa maana wakati ule ule nilikuwa nampenda, nilitaka kumweleza mwisho wa kitabu, nilitaka aongeze wali na kuomba msamaha. Nilimwangalia Mama Zaina, nikangoja anishike mkono kama kwenye mkeka, aniambie vumilia, mwanangu. Ningevumilia. Nilikuwa nimezoea. Angesema neno hilo moja, leo ningekuwa mama mzee wa Bengamisa, mke wa huyu mzee mwenye mguu mbaya.

Mama Zaina alikuwa amesimama na bakuli la pondu. Alilitua mezani. Alichukua kitambaa changu kutoka mkononi mwa Mama Sifa, akakikunjua, akanifunga kichwani mwenyewe, akakaza fundo.

"Mumesikia," akawaambia. "Mutoto amekataa. Mukule, mbele ya chakula kupola."